Laka, poliurethani ya magari au mafuta: kuchagua umaliziaji wa gitaa la umeme lililoundwa kwa mkono, Kisumu na Nakuru

Fundi anayeunda gitaa la umeme kwa mkono Kisumu, Kakamega au Nakuru hufika mahali ambapo mbao imekwisha kuchongwa, shingo imekaa katika nafasi yake bila kucheza, na lililobaki ni la mpako: aupulizie mwili laka ya nitroselulosi (nitro kwa ufupi), aupulizie poliurethani ya vijenzi viwili inayotumika kwenye magari, au aupake mafuta na nta? Swali hili linastahili uzito, kwa kuwa mpako ndio unaoguswa na mpigaji kila siku, ndio unaozuia jasho na unyevu visiingie katika mbao, na ndio hatua inayoweza kuharibu kazi ya wiki nyingi kwa alasiri moja. Kwa maoni yangu, katika eneo letu mambo matatu ndiyo yanayopaswa kuamua: hali ya hewa ya mahali unapopulizia, usalama wa mapafu yako, na urahisi wa kulirekebisha gitaa litakapogongwa. Suala la sauti, yaani ile imani kwamba nitro hulifanya gitaa lilie vizuri zaidi, ambalo hutajwa kuliko yote, naliweka mwisho kwa umuhimu, ingawa nitalitangulia kulieleza kwa kuwa ndilo linalowapotosha wengi.

Laka ya nitroselulosi iliingia katika sekta ya magari ya Marekani mwaka 1923, kampuni ya DuPont ilipotoa rangi iliyoitwa Duco, na sifa yake kuu ilikuwa kukauka kwa muda mfupi sana ikilinganishwa na vanishi za mafuta zilizohitaji siku nyingi. Kampuni ya Fender, katika miaka ya 1950 na 1960, ilitumia rangi zilezile za magari kwenye magitaa yake, kisha kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 ikahamia kwenye poliesta, ambayo ni ngumu zaidi na hujenga unene kwa haraka. Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, imeendelea na nitroselulosi. Magitaa ya zamani yanayouzwa kwa bei kubwa yamepakwa nitro kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya viwandani ya wakati wake, na hilo peke yake si ushahidi kuhusu sauti. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzima hutoa sauti yake kupitia pikapu, ambazo husoma mtetemo wa nyuzi za chuma ndani ya uga wa sumaku. Mwili wenyewe una unene wa takriban milimita 45, na mpako mwembamba wa laka ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika gitaa lisilo la umeme, ambalo uso wake ni ubao mwembamba unaotetemeka, mpako mzito unaweza kuizima sauti. Katika gitaa la umeme, sioni kwa nini mtu ahatarishe afya yake au apoteze msimu mzima akifuata tofauti ambayo kipaza sauti cha harusini hakiwezi kuionyesha.

Laka ya nitro, basi, ipimwe kwa tabia zake nyingine, na tabia hizo ni nyingi. Hukauka kwa njia moja tu: thina huvukizwa na hewa na utando hubaki. Kwa sababu utando huo haujabadilika kikemikali, tabaka jipya huliyeyusha kidogo lile la chini na yote mawili yakawa kitu kimoja. Hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Gitaa la mwanamuziki wa benga hubebwa kwenye matatu na bodaboda, huegemezwa ukutani nyuma ya jukwaa, na hugongwa. Likigongwa, fundi hudondosha laka katika kovu hilo tone baada ya tone kwa siku kadhaa, akapiga msasa, akang'arisha, na alama ikapotea au ikabaki hafifu sana. Ni mipako michache ya kung'aa inayokubali kurekebishwa kwa upole wa namna hiyo, na mahali ambapo gitaa moja hulisha familia na haliwezi kukaa kwa fundi mwezi mzima, jambo hilo lina thamani kubwa.

Adui wa nitro ni unyevu, na hapa ndipo Kisumu na Nakuru zinapoachana. Thina inapovukizwa kwa kasi huupoza uso wa mbao, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutonea juu ya laka mbichi na kunaswa ndani yake, utando ukageuka mweupe kama maziwa. Kisumu iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130, na katika misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, mawingu hukusanyika alasiri na dhoruba hufuata. Anayepulizia laka huko afanye kazi katika Januari na Februari ikiwezekana, na kwa siku yoyote achague muda wa saa nne hadi saa saba mchana, baada ya unyevu wa asubuhi kupungua na kabla ya mvua. Akilazimika kupulizia katika hewa nzito, aongeze thina ya kuchelewesha, ambayo huvukizwa polepole na kuyapa maji nafasi ya kutoka kabla utando haujafunga. Thina ya bei ya chini kabisa, inayouzwa kwenye chupa zilizojazwa upya, haifai hata kidogo kwa kazi hii. Ile ile inayotosha kuoshea brashi huleta weupe hata siku ya jua. Tabaka lililokwisha kugeuka jeupe si la kutupwa: mara nyingi hupona likipuliziwa ukungu mwembamba wa thina ya kuchelewesha peke yake katika siku kavu.

Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ina hewa kavu zaidi na huiruhusu nitro kukauka vizuri katika miezi mingi ya mwaka. Shida yake ni vumbi linalopeperushwa na upepo wa Bonde la Ufa wakati wa kiangazi, na usiku wa baridi ambao huchelewesha ukaukaji. Sakafu imwagiwe maji kidogo, mwili utundikwe ndani ya chumba kilichofungwa, na kazi iishe mapema ili tabaka la mwisho lipate saa kadhaa za joto. Vumbi lililotua juu ya laka huondoka kwa msasa. Kisumu ina mgeni mbaya zaidi: sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoibuka kwa makundi makubwa, hasa siku za mwezi mwandamo, na kuvutwa na taa. Mwenye karakana karibu na ufuo asiache tabaka bichi chini ya taa usiku.

Kuna mambo mengine ya nitro ambayo mnunuzi hapaswi kufichwa. Hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine hulichukia, hasa juu ya rangi nyeupe au samawati. Huyeyushwa au kulainishwa na mpira wa baadhi ya vishikizo vya kuwekea gitaa. Hupasuka nyufa nyembamba inapobadilishiwa joto ghafla. Bendi inayotoka kwenye joto la Kisumu, ikapita baridi ya Timboroa usiku na kufungua makasha papo hapo ndani ya ukumbi wenye joto, inaweza kuziona nyufa hizo asubuhi yake. Laka nyingi za fanicha zinazouzwa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi zimechanganywa na resini ya alkidi, na zinafaa, lakini kila aina ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha mbao ileile: ikiwa baada ya wiki mbili ukucha bado unaacha alama kwa urahisi, laka hiyo isipakwe kwenye gitaa. Na zaidi ya yote, nitro huwaka. Ukungu wake na unga wake mkavu hushika moto kwa cheche ndogo, na katika eneo la juakali ambapo jirani anachomelea vyuma na mwingine ana jiko la makaa la chakula cha mchana, kupulizia laka ni kuwahatarisha watu wasiohusika na gitaa lako.

Poliurethani ya vijenzi viwili hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Laka huchanganywa na hadina, yaani kigumishi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, mara nyingi mbili kwa moja au nne kwa moja, na mchanganyiko huo hukomaa kikemikali, ukawa utando ambao thina haiwezi kuuyeyusha tena. Tabaka mbili au tatu hutosha mahali ambapo nitro ingehitaji nane hadi kumi na mbili. Joto la Kisumu huiharakisha, weupe wa unyevu huisumbua kwa nadra, na baada ya siku chache mwili unaweza kupigwa msasa na kung'arishwa, wakati ule wa nitro ungengoja wiki tatu au nne. Jasho, spiriti na mafuta ya kujipaka haviiathiri. Kwa mpigaji anayekesha jukwaani katika fulana yenye mikono mifupi, mkono wake ukisugua kona ileile ya mwili kwa saa nyingi, sijui mpako unaolinda kuliko huu. Hadina yenyewe ihifadhiwe imefungwa kabisa, kwani hujibizana na unyevu wa hewa na kuganda ndani ya mkebe, na ukiitumia imeanza kuharibika utapata viputo.

Lakini hadina hiyo ina isosianeti, na hapa lazima niseme kwa msisitizo. Ukungu wake unaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na aliyekwisha kuathirika hudhurika tena hata kwa kiasi kidogo mno. Harufu si onyo la kutegemewa. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kinga inayokubalika kwa anayepulizia ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, pamoja na glavu, miwani na nguo inayofunika ngozi. Kupulizia uani, karibu na watoto na wauza chakula, hakufai. Ndiyo maana nampendekezea fundi wa magitaa asinunue hadina kabisa, bali auandae mwili mwenyewe kwa ukamilifu, kisha aupeleke kwenye gereji yenye chumba halisi cha kupulizia na vifaa vya hewa, ambazo zipo katika miji yote miwili, alipie kazi ya saa chache, na aurudishe nyumbani kuung'arisha.

Akifanya hivyo, ayaeleze mambo mawili kwa mpaka rangi wa magari kabla ya kuanza. Nafasi ya kuingilia shingo izibwe kwa utepe, kwa sababu tabaka chache tu za poliurethani ndani yake hutosha kuifanya shingo isiingie tena, na ikilazimishwa hupasua mpako wa ukingoni. Na mwili usiguswe na kitambaa kilichowahi kupakwa polishi ya magari yenye silikoni, kwani silikoni kidogo tu huifanya laka ijikusanye na kuacha vishimo vya mviringo visivyozibika kwa tabaka la pili.

Udhaifu wa poliurethani huonekana wakati wa kurekebisha. Kwa kuwa tabaka haziyeyukiani, mpako mpya hushika tu ule wa chini ukikwaruzwa kwanza kwa msasa, na fundi akipenya tabaka la juu wakati wa kusugua, mstari wa mpaka kati ya tabaka mbili hubaki ukionekana kama mchoro wa ramani. Pigo kubwa humega kipande kizima, na kukijaza kwa gundi ya kukauka haraka ni kazi inayowezekana lakini haipotezi alama kama nitro inavyofanya.

Mafuta ni ya mtu wa namna nyingine. Mafuta ya kitani yaliyotayarishwa kwa kukauka, au ya mbegu za mti wa tung, hupakwa kwa kitambaa, huachwa yazame kwa dakika kumi na tano hivi, na ziada yote hufutwa. Siku inayofuata hurudiwa, na baada ya tabaka nne au tano hufuatiwa na nta ya nyuki. Hayahitaji kompresa, hayana ukungu, na kosa hufutika. Mbao huonekana na kushikika kama mbao. Ulinzi wake, hata hivyo, ni mdogo: jasho hupenya, unyevu wa ziwa huingia na kutoka, na mwenye gitaa hana budi kuliongeza mafuta kila baada ya miezi kadhaa. Mafuta ya kitani mabichi, yale yasiyotayarishwa, yasitumike, maana katika msimu wa mvua huweza kubaki yakinata kwa wiki nyingi. Vitambaa vilivyotumika navyo vina hatari isiyojulikana vya kutosha: mafuta yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikirundikwa pamoja huweza kujiwasha vyenyewe usiku. Vitandazwe kimoja kimoja nje hadi vikauke, au vizamishwe majini.

Aina ya mbao nayo ina neno. Mvule, unaopendwa sana magharibi mwa Kenya kwa uzuri na uimara wake, una kemikali za asili zinazoweza kuzuia mafuta na baadhi ya vanishi zisikauke. Dawa yake ni tabaka moja au mbili za sheleki, resini ya asili itokanayo na wadudu, iliyoyeyushwa katika spiriti, isiyo na nta, ambayo hukauka kwa dakika chache na kuzitenganisha kemikali hizo na mpako wa juu. Sheleki peke yake ni nzuri kuitazama lakini haivumilii jasho, joto wala kinywaji kikali, hivyo naichukua kama msingi tu. Mvule na mahogani zina vinyweleo vipana. Anayetaka uso laini kama kioo lazima avizibe kwa kijazio kabla ya tabaka la kwanza, la sivyo laka itazama ndani yake polepole na uso uliong'aa mwezi wa kwanza utakuwa na mashimo madogo mwezi wa tatu. Kwa mafuta, vinyweleo viachwe wazi.

Laka za maji zipo pia, na mvuke wake una madhara machache zaidi. Maji yake, hata hivyo, huchelewa mno kutoka katika hewa ya Kisumu, huinua nyuzi za mbao, na ni vigumu kupata aina iliyo ngumu ya kutosha madukani kwetu. Nakuru zinaweza kujaribiwa.

Kung'arisha ndiko kunakoonyesha tofauti ya mipako kuliko maelezo yoyote. Kwa nitro na poliurethani utaratibu unafanana: msasa wa maji namba 800 au 1000 ili kusawazisha, kisha 1500, kisha 2000, halafu kampaundi ya kukata (krimu yenye chembe laini za kusugua) na mwisho polishi laini isiyo na silikoni. Kila namba ina kazi moja tu, nayo ni kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Fundi abadilishe mwelekeo wa kusugua kila anapobadilisha msasa, akaushe uso, autazame kwa taa iliyowekwa ubavuni, na asisonge mbele mkwaruzo mmoja wa zamani ukiwa bado unaonekana. Mtu anayekimbilia kampaundi mapema hutumia saa nyingi zaidi kuliko aliyevumilia kwenye 1500. Msasa ufungwe kwenye kipande cha mpira au kizibo kilichonyooka, isipokuwa kwenye mikunjo, na kingo ziguswe mwisho na kwa mara chache, kwani hapo ndipo mpako ulipo mwembamba na ndipo rangi hupenywa. Maji yenye sabuni kidogo husaidia msasa usizibe, lakini matundu ya skrubu na ya pikapu yasiingie maji: mbao ikinyonya, huvimba na kuupasua mpako kutoka chini. Wengine hutumia spiriti nyeupe (white spirit, si ile spiriti ya kuyeyushia sheleki) badala ya maji kwa sababu hiyo, na mimi ningefanya hivyo kila mara kwa nitro, mbali na moto.

Tofauti inaanzia kwenye joto. Nitro hulainika kwa urahisi, na mashine ya kung'arishia ikikaa mahali pamoja kwa sekunde chache huichoma au kuivuta. Kwa nitro changa napendelea mkono na kitambaa cha pamba, hata kama bega litauma. Poliurethani iliyokomaa huvumilia mashine yenye sponji, hukatwa polepole zaidi, na mng'aro wake hudumu. Hata hivyo isiachwe miezi kabla ya kusuguliwa, kwa kuwa kadiri inavyokomaa ndivyo msasa unavyoshindwa. Nitro ni kinyume: kila wiki unayoongeza kungoja huufanya uso utulie, na kung'arisha mapema humaanisha kurudia, laka itakapoendelea kusinyaa.

Mtu akiniuliza leo, fundi wa Kisumu anayemuundia mpigaji wa jukwaani gitaa la rangi moja ningempeleka kwenye poliurethani, ikipuliziwa na gereji iliyo na vifaa. Fundi wa Nakuru mwenye chumba kilichofungwa na kisicho karibu na moto, anayeunda gitaa moja kwa subira na anayetaka mgongo wa mahogani uonekane, achukue nitro, na amwambie mteja mapema kwamba atasubiri zaidi ya mwezi. Anayeunda gitaa lake la kwanza, bila kompresa, apake mafuta. Atajifunza mengi kuhusu mbao bila kumdhuru mtu, na baadaye, mafuta yakikauka kabisa na kusafishwa, anaweza kuubadilisha mpako kwa kuanzia na sheleki.

Shingo naiamua peke yake, mwili uwe umepakwa nini. Mpigaji wa benga huusogeza mkono wake wa kushoto juu na chini kwa kasi, mara nyingi katika freti za juu, na mgongo wa shingo uliong'arishwa hadi kioo hunata ngozi inapolowa jasho. Mafuta na nta hapo hushinda kila kitu. Kama shingo imekwisha kupakwa laka, mng'aro wa mgongo wake uondolewe kwa pamba laini ya chuma, kwa kusugua kufuata urefu wa shingo tu, na pikapu ziwe zimefunikwa kwa utepe kabla ya kuanza, kwa kuwa unga wa chuma hung'ang'ania sumaku zake na huwa vigumu sana kuutoa.